Megamita Sifuri Nukta Tatu

Hapa kijijini kwetu Sudi ukitaka kupoteza asubuhi yako, muulize Ridhiwani kitu chochote chenye urefu. Ni mtoto wa mama yangu mdogo, damu yangu, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Shule aliiachia kidato cha pili, akatoka na kitu kimoja tu kichwani: lile jedwali la vipimo linalochapwa nyuma ya madaftari. Sisi wenzake tulilikariri, tukafanya mtihani, tukalisahau. Yeye alilipenda. Baadaye akanunua simu, akagundua kwamba juu ya kilomita kuna megamita, ambayo ni kilomita elfu moja, na chini ya milimita kuna mikromita, ambazo zinatakiwa elfu nzima kutimiza milimita moja. Tangu siku hiyo hatujapumua.

Kazi yake ni kuuza ng'onda, samaki wa kupasuliwa na kuanikwa juani. Mteja akilalamika kwamba samaki ni mdogo, Ridhiwani humtazama kwa huruma. "Mdogo? Huyu ana mikromita laki mbili!" Sentimita ishirini hizo, basi. Kiwanja alichorithi, ambacho ukitandika mikeka ya msiba wageni wengine wanakaa kwa jirani, anakitangaza kuwa na upana wa milimita elfu kumi. Lakini mkewe akimwomba akachote maji kisimani, mwendo wa nusu kilomita, hapo huchomoa kipimo kikubwa: "Megamita sifuri nukta sifuri sifuri sifuri tano. Hiyo nayo safari ya kumwitia mwanamume?" Mali yake huipima kwa kipimo kidogo ili namba inenepe, na wajibu wake kwa kipimo kikubwa ili namba ikonde. Nimewaona wakubwa wakifanya hivyo hivyo kwenye mikutano ya hadhara, ila wao huja na gari.

Huyo mkewe, Zuhura, alimpata Likawage, alikopeleka ng'onda msimu wa kuuza ufuta. Tulipokwenda kuposa, tulifika tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Bi Nasma, mama yake Zuhura, alikuwa na sharti moja tu. Zuhura ndiye binti yake pekee.

"Mwanangu akijifungua, uji wake wa kwanza nampikia mimi, na aunywe ungali moto," alisema. "Mama yangu alinifanyia hivyo. Sasa huko Sudi ni mbali kiasi gani?"

Nilitazama chini. Ridhiwani alikohoa kidogo, kama mtu anayetaka kutoa hotuba.

"Mama, watu wanasema mbali kwa sababu wanahesabu kizamani. Kwa kipimo cha kisasa ni sifuri nukta tatu tu."

"Sifuri nukta tatu ya nini?" akauliza mjomba wa binti, Mzee Shamte, ambaye ndiye msemaji wa ukoo.

"Megamita, mjomba."

Mzee Shamte aliwahi kuwa katibu wa kijiji, na katibu hakubali kuonekana hajui. Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Aa, megamita," akasema, kisha akamgeukia dada yake. "Haifiki hata moja, Nasma." Bi Nasma alilitazama vumbi letu, akauliza mbona tumechoka hivyo. Ridhiwani akajibu kwamba gari lilituharibikia njiani. Ndoa ikafungwa.

Zuhura alipopata mimba, aliomba apelekwe kwa mama yake akajifungulie huko. Ridhiwani akamwambia haraka ya nini, sifuri nukta tatu. Mwezi uliofuata akaomba tena, akapewa sifuri ile ile. Kisha masika yakaingia, barabara ya Likawage ikawa tope la kumeza pikipiki, na hata Ridhiwani akaiacha ile sifuri yake. Zuhura alijifungua mtoto wa kike katika zahanati yetu huku akimwita mama yake. Uji wa kwanza nilimpikia mimi. Aliushika, akauangalia, akaurudisha, na akalia mpaka mtoto naye akalia. Siku ile nilimchukia ndugu yangu, nasema wazi.

Bi Nasma alipigiwa simu. Siku ya tatu yake alitokea uani kwetu, kanga imeganda tope hadi magotini, mkononi ana chupa ya chai.

Ridhiwani aliruka. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mkwe wangu. Niletee bakuli."

Akafungua chupa, akamimina uji. Ulikuwa umechacha, una povu, na harufu yake ilitufikia sisi tuliokaa mlangoni.

"Nimeupika Likawage alfajiri ile niliyotoka," alisema. "Unywe wewe, baba, ungali moto."

"Mama, unajua, kwa vile barabara..."

"Haifiki hata moja. Kunywa."

Ridhiwani alitutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyemtetea. Akaunywa wote, na Bi Nasma akasimama pale hadi kitako cha bakuli kikaonekana. Kisha akanawa, akauliza jiko liko wapi, akakoroga uji mpya. Zuhura aliunywa huo akiwa ameegemea bega la mama yake.

Zuhura alipopata nguvu, na barabara ilipokauka, Bi Nasma alifunga mizigo ya watu watatu: wake, wa binti yake na wa kile kichanga. Ridhiwani alisimama mlangoni, macho kwa mtoto.

"Mama, watarudi lini?"

"Kwani warudi wa nini?" alijibu Bi Nasma, akimfunika mjukuu wake vizuri. "Wewe ukifunga biashara yako uwe unakuja kula nasi kila jioni, kisha urudi ulale kwako. Si hapo tu?"

Msimu wa ufuta umefika tena, na bado hawajarudi. Juzi mteja mgeni alimkuta Ridhiwani akipanga ng'onda wake, akamwuliza Likawage ni mbali kiasi gani. Nilitega sikio, nimejiandaa kucheka.

"Kilomita mia tatu," alisema Ridhiwani, bila kuinua uso. "Na barabara mbovu."