Mkimbiaji wa Tatu

Chuo kilipofungwa kwa sababu ya korona, nilirudi nyumbani Sugoi na begi moja na viatu vyangu vya mbio, nikidhani ni wiki mbili tu. Mama alinipa jembe. Asubuhi nilipalilia mahindi, jioni nikakimbia peke yangu kwenye barabara ya murram isiyo na lami hadi kafyu ilipokaribia. Kutulia kulinishinda. Hata mezani magoti yalitikisika, mama akawa ananiambia, "Tuliza miguu, unamwaga chai."

Timu yetu ya mbio za kupokezana vijiti ilikuwa na wasichana wanne. Mimi nilikimbia wa mwisho. Wa tatu, aliyenipa kijiti, alisomea uuguzi, na tulikuwa tumepanga chumba kimoja Kesses, karibu na chuo. Miezi ile sisi tukiwa nyumbani, yeye alijitolea hospitalini. Akaugua korona, akapona. Alinieleza kwa simu kama mtu anayesimulia mafua.

Chuo kilipofunguliwa, kocha alituita uwanjani. Tulipimwa joto, tukanyunyiziwa dawa mikononi, na kijiti kikawa kinafutwa baada ya kila zoezi. Hatukujali. Tulitaka kukimbia tu.

Siku ya kwanza mwenzangu alichelewa kunifikia. Ya pili pia. Nilisimama kwenye mstari nimenyoosha mkono nyuma, nikirukaruka, nikimkasirikia moyoni. Kisha jioni moja nikamkuta ameketi kwenye ngazi za ploti tulimopanga, ndoo ya maji kando, anahema. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya kwanza tu.

"Umeshindwa kupanda?"

"Napumzika kidogo. Usimwambie kocha. Mashindano yamekaribia, nitajikaza."

"Na kifua?"

"Si nimesema nitajikaza?"

Siku tatu nilizunguka na maneno hayo. Nilitoka darasani somo likiendelea, nikatembea hadi barabarani, nikarudi. Nilianza kufua nguo nikaziacha ndani ya beseni. Siku ya nne nikamwambia kocha. Alimpeleka kwa daktari, na daktari akasema asikimbie hadi mapafu yake yapone kabisa.

Nilikuwa chumbani aliporudi. Alikunja blanketi lake, akaweka vitabu kwenye gunia.

"Nahamia kwa binamu yangu," alisema.

"Nilikuwa nahofia afya yako."

"Wewe ulitaka kijiti kifike haraka. Usiseme ni kifua changu."

Alichosema kilikuwa na ukweli ndani yake.

Tulikimbia mashindano bila mashabiki. Nafasi yake alipewa msichana wa mwaka wa kwanza, aliyenifikia kwa kasi hadi nikashtuka. Tukamaliza wa pili. Uwanja ulikuwa kimya, makocha tu wamesimama kwa umbali, wamevaa barakoa. Wenzangu walitaka tupigwe picha. Mimi niliendelea kutembea kuzunguka uwanja, medali mfukoni, nikitazama lango kila mara. Hakuja.

Ilichukua karibu mwaka mzima kabla daktari hajamruhusu. Alianza kwa kutembea, halafu mbio za polepole, na mwishowe kocha akamrudisha kwenye timu. Chumbani hakurudi. Tunasalimiana vizuri, tunapeana kijiti vizuri. Kuhusu ile siku niliyoenda kwa kocha, hatujawahi kuongea. Nami hadi leo sijui kama ningeenda, iwapo angekuwa ananifikia kwa wakati.