Upande wa Nje wa Kona

Kwa nini watu wanaojua vizuri kwamba gari huteleza kuelekea upande wa nje wa kona ndio wanaowapanga wenzao upande huohuo? Nimeendesha magari ya mashindano, kisha nikayatangaza redioni, jibu sina.

Siku ya kwanza niliripoti kwenye gereji ya timu, hapa Dodoma, nikiwa na shahada ya uhandisi na viatu vilivyong'arishwa. Meneja wa timu alinipima kwa macho.

"Wewe Mhindi, duka la baba umemwachia nani?"

"Baba ni mwalimu, Kondoa."

Mafundi wakaangua kicheko. "Basi leo mwanafunzi ni wewe," akasema meneja, akanikabidhi kwa Ramadhani, navigeta, yaani anayekaa kando ya dereva na kumsomea njia.

Kabla ya mashindano tulipita njia yote polepole, tukiipa kila kona namba: moja ni kali, sita karibu imenyooka. "Kulia tatu, inabana!" maana yake kona inazidi kujikunja mbele, na hapo ndipo gari hukimbilia nje. Kwenye kila kona ya namna hiyo Ramadhani alishuka, akawaamkia wazee, akawaonyesha wanakijiji mahali pa kusimama: upande wa ndani, juu ya kingo. Hakuna aliyemlipa kwa hilo. Ilikuwa sehemu ya kazi, kama kufunga mkanda.

Mgongo uliponishinda, nilihamia kwenye utangazaji. Wakati huo kazi ya Ramadhani ya kuwapanga watazamaji ilikuwa imekwisha kukabidhiwa watu wenye fulana za wadhamini na roli za utepe wa kuzuia umati.

Kisha ikaja ajali ya Hombolo. Gari liliacha njia kwenye kona inayobana, likamvunja miguu yote miwili Mama Chedego, mkulima wa zabibu. Jioni hiyo taarifa yetu ya habari ikasema watazamaji walikaidi maelekezo. Nilikwenda kwenye kona ile nikaukuta utepe: ulikuwa umefungwa upande wa nje, nyuma kidogo ya bango la mdhamini, ili umati uonekane vizuri kwenye picha. Nikaenda hospitali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Si wewe wa redio? Watoto wangu wananigombeza, eti bibi mzima nimekwenda kuchezea magari. Mie utepe nimeukuta, nikasimama nyuma yake. Nilitakiwa nisimame wapi, juu ya boneti?" Alicheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Waambie, basi."

Mkuu wa Vipindi hakutaka kusikia. "Kaka, mdhamini wa mashindano ndiye mdhamini wetu. Kesho asubuhi utarudia taarifa ileile. Ukishindwa, kiti kina wengi wanaokitaka."

Vijana wanaoingia katika kazi hii huniuliza kama ninajutia kuiacha redio mapema. Ninachojutia ni fani iliyojifunza kupiga picha za umati ikasahau kuulinda. Hasira hiyo haijapoa, wala siombi ipoe.

Asubuhi iliyofuata nilivaa spika za masikioni, nikawasalimu wasikilizaji, nikasema: "Mama Chedego wa Hombolo hakukaidi. Alisimama pale alipoelekezwa kusimama. Utepe ulifungwa upande wa nje wa kona, nami nimeuona." Nyuma ya kioo Mkuu wa Vipindi alikuwa akinipungia mkono ninyamaze. Nikarudia sentensi zote, polepole, kama Ramadhani alivyonisomea njia, kisha nikavua spika na kumwachia kiti.