Mwenye Bucha na Soya ya Wifi

Mimi ni mwenye bucha, na kwa miaka mingi nimemlisha kaka yangu nyama. Kila Jumamosi nilimtengea kipande chenye mafuta, nikamfungia vizuri, nikajiona dada wa kupigiwa mfano. Kaka ni dereva wa winchi kwenye majengo marefu. Wenzake wanamwita Bwana Juu, maana hupanda asubuhi na kushuka jioni. Mtu anayekaa juu namna ile, nilisema, lazima awe na kitu cha maana tumboni.

Kisha daktari wa kampuni akampima sukari, akaikuta imepanda kuliko winchi yenyewe. Akampa vidonge, akamwambia apunguze nyama ya mafuta, ale maharage, kunde, dengu na soya, arudi baada ya miezi mitatu. Sukari isiposhuka, atashuka yeye: atapewa kazi ya getini, kuandika namba za magari. Kaka yangu amejenga nusu ya mji huu akiwa ameketi. Huko getini angekufa kwa aibu kabla sukari haijamfikia.

Mkewe ni mshonaji. Nitasema ukweli, sikuwa nampenda sana. Ni mtu wa polepole mno. Hupima kitambaa mara tatu kabla ya kugusa mkasi, na ukimwuliza swali leo, jibu njoo uchukue kesho. Lakini maharage yanataka mtu wa aina hiyo. Aliyaloweka usiku kucha, akamwaga maji yale, akayachemsha kwa maji mapya mpaka yakalainika kabisa, ndipo akayaunga kwa nyanya na kitunguu na mafuta kidogo. Kaka akanuna.

"Haya nimeyala shule ya bweni miaka sita," alisema. "Nilidhani nimeshahitimu."

"Umehitimu wewe," wifi akamjibu. "Tumbo lako bado liko darasa la kwanza."

Akamweleza alivyoelezwa kliniki: maharage yana nyuzinyuzi, kwa hiyo sukari huingia kwenye damu taratibu, na mtu hushiba muda mrefu. Soya nayo ina protini tele, bila yale mafuta mazito ya nyama. Mimi nilikuwepo, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Wiki ya tatu kaka akaanza kuomba aongezewe.

Basi nikaona nami nisibaki nyuma. Zikiwa zimebaki wiki mbili kabla ya kipimo, nilinunua soya, nikasimama foleni mashineni tangu asubuhi mpaka saa sita, nikampelekea wifi unga wa uji. Sikujua kwamba soya haisagwi mbichi. Wifi huichemsha nusu saa nzima, huikausha juani, huikaanga, ndipo huipeleka mashineni. Mimi nimezoea nyama. Ukishaikata, kazi yako imekwisha. Naye alidhani nimeiandaa kama yeye, akapika.

Kaka aliumwa tumbo siku mbili. Alitoka chooni amekunjamana, akasema hataki tena kuona maharage wala soya ndani ya nyumba yake. "Nirudishieni nyama yangu. Kama ni getini, nitakwenda getini."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Wifi alifungua kopo la unga, akanusa, akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi. Akanitazama. Nilijua ameshajua.

"Ni mimi," akamwambia mumewe. "Soya hii niliiandaa harakaharaka. Nisamehe, baba watoto."

Kaka alimtazama mkewe. "Haya," akasema mwishowe. "Kesho nipikie maharage tu."

Siku ya kipimo sukari ilikuwa imeshuka vizuri. Daktari akasaini, akamwonya asiache vidonge wala maharage. Kesho yake kaka akapanda winchi yake, na jioni akatualika mezani kwake. Wifi alipopakua, nikaisogeza sahani yangu kando.

"Kaka, ule unga ulikuwa wangu. Niliusaga mbichi."

Hakuinua hata kichwa. "Nilijua siku ileile. Mke wangu hajaharakisha kitu tangu nimuoe."

"Mbona ulinyamaza?"

"Yeye ameamua kukusitiri, mimi ni nani nikuvue nguo?"

Ndipo nikaelewa kwamba hakurudi kwenye maharage kwa sababu ya daktari. Alirudi kwa sababu ya mwanamke aliyebeba kosa lisilo lake bila kuombwa. Nikamgeukia wifi, nikamwambia asante kwa sauti, mbele ya mumewe. Tangu aolewe sikuwahi kumwambia neno hilo, hata kwa maji ya kunywa. Alichukua muda wake kunijibu, kama kawaida yake, na safari hii nilimsubiri.