Rhona na Mtoto Asiyesema Shuleni

Rhona Duthie alikata samaki kiwandani miaka ishirini, hapa bandarini kwetu, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, mpaka mabega yakamgomea. Ndipo akapata kazi ya msaidizi wa darasani kwenye shule ya msingi ninakopika. Akapewa mtoto mmoja wa kumwangalia, Ailsa, miaka saba.

Nyumbani Ailsa alikuwa chiriku. Akivuka geti la shule, kimya. Wengi walisema ana kiburi. Hata Rhona, wiki ya kwanza, alimwambia, "Sema tafadhali, ndipo nikupe penseli." Mtoto akakakamaa, uso mweupe kama chaki.

Rhona alinijia jikoni machozi yakimtoka. "Hakatai, jamani. Hawezi! Hofu inamfunga koo, na mimi nazidi kumkaba."

Tangu hapo akaacha kumhoji. Alikaa ubavuni pake, akachora naye, akamtengenezea kadi: ya kijani ya kuomba kwenda chooni, ya njano ya kusema sijaelewa. Ulipita mwaka na miezi mitatu. Jumanne moja, wakila supu ya dengu, Ailsa akamwinamia sikioni.

"Ina chumvi."

Rhona akaendelea kula kama kawaida. "Kweli imezidi. Tumseme mpishi?"

Ailsa akacheka kwa sauti. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Mwezi Mei naibu mwalimu mkuu, Bwana Lorimer, alimwita Rhona pamoja na Mhairi, mama wa mtoto.

"Binti ameendelea vizuri sana," alisema. "Kwa hiyo kuanzia Agosti Bi Rhona atahamia kwa watoto wengine. Wasaidizi hawatoshi."

"Mwalimu, anaongea na mtu mmoja tu," Mhairi akasema. "Ndiye huyo huyo mnayemwondoa?"

"Mama Ailsa, ningekuwa na uwezo... Naweza kuomba wataalamu wampime upya, ili apewe tena msaidizi wake. Foleni ni mwaka na nusu."

Agosti ikafika. Mwalimu mpya, binti mwema aliyetoka chuoni juzi tu, alizifungia kadi kwenye droo ya meza yake akidhani zinamdekeza mtoto. Wiki ya pili, Rhona alikuwa kwenye korido amemshika kwa mikono miwili mtoto mwingine, ambaye ukimwachia anakimbilia barabarani. Kupitia kioo cha mlango akamwona Ailsa ameganda kitini, mkojo ukichuruzika chini ya kiti. Darasa zima likacheka.

"Nilikuwa hatua nane tu," aliniambia. "Nikagonga kioo kwa kiwiko. Nani angenisikia kwenye kelele zile?"

Ailsa hajarudi shuleni. Mhairi ameacha kazi yake ya kuoka mikate ili akae naye. Jumamosi Rhona huwapelekea keki, na mtoto yuko chumbani juu, hashuki ngazi kumwona.

"Usimlaumu, dada," Mhairi alimwambia mlangoni. "Hata mimi sasa ananinong'oneza."

Rhona bado anafanya kazi pale pale. Barua ya kupimwa haijafika.