Salamu za Bibi Nilizozipeleka Redioni

Wenzangu, kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Nimemnyamazisha bibi yangu, na mimi ndiye mpenda kelele kuliko wote hapa Nizwa.

Nilisoma chuo cha jioni, nikahitimu ndevu zishanifika kifuani. Huko nilicheza hoki, yaani nilikalia benchi mpaka likachukua umbo langu, na timuni nimo mpaka leo. Kwa kunihurumia wakanipa kipindi cha vichekesho katika redio ya wanafunzi, ile inayosikilizwa kwenye simu.

Bibi alikuwa hakosi mechi. Huja na chupa ya kahawa na tende, na mchezaji akimwamkia tu, hamwachi. "Marahaba, baba. Mama hajambo? Na wa Sur? Na wa Unguja je?" Refa kashapuliza, yeye bado yuko kwa mashangazi.

Basi nikamwigiza. Golikipa anasalimiwa na Bibi, anafungwa mabao kumi na mawili, na upande wa mamake bado haujaguswa. Sauti niliipatia hasa. Nikamalizia na swali lake la kila siku: "Na kaka yangu Nassor, kikohozi chake?"

Oman nzima ilicheka, mpaka mbuzi wa Misfat kule mlimani.

Shangazi akakiweka kipindi hicho garini, yeye na Bibi wakienda harusini Ibra. Bibi naye akacheka: "Mwehu gani huyu?" Ilipofika kwa Nassor akajitambua. Nassor yuko Unguja, mgonjwa, hawajaonana tangu ujana wao. Kila atokaye huko, Bibi humuuliza.

"Zima, mwanangu," akamwambia shangazi. "Kumbe nawachosha watu."

Nimempelekea halwa, nimembusu kichwa, nimeomba radhi. Amenisamehe. Mechi anakuja. Lakini ukimwamkia, ni "Marahaba", basi, anatazama uwanja. Mimi sikaliki. Nazunguka benchi kama mwenye siafu ndani ya suruali.

Juzi golikipa wetu karudi kutoka Unguja, na kwao ni jirani na Nassor. "Shikamoo, Bibi." Nikasimama, roho juu, nasubiri amuulize.

"Marahaba, baba. Nenda, mechi isikupite."

Nikashindwa kuvumilia. Nikauliza mimi, mbele ya timu nzima: "Na Nassor, kikohozi chake?"

Wakaangua kicheko wote. Walidhani nimeanza kipindi. Bibi akafunga chupa yake ya kahawa, akaondoka.

Wewe unayechekesha watu kwa sauti ya mtu wa nyumbani kwako, kamuulize kwanza yale maneno yana nini ndani yake. Golikipa alijibu, nilimwona midomo ikicheza. Kwa kile kicheko, si mimi wala Bibi aliyesikia.