Mwamba wa Baba Kwenye Ramani ya Upepo

Kwa miezi minne niliandika uongo, na niliuandika nikijua. Simsingizii mtu. Kila asubuhi nilisimama soko la samaki la Feri na kishikwambi mkononi, mashua zikishusha samaki, namuuliza kila nahodha amevua wapi, naye ananidanganya, nami najaza.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya baba. Wakati ule nilikuwa nauza nguo za watoto kwenye fremu ya duka la watu, Kariakoo, cheti changu cha takwimu kimelala kabatini. Akaja mteja, mama mmoja mhadhiri wa chuo, tukaongea, akajua kuwa baba yangu ni mvuvi wa mshipi tangu ujana wake. Mama huyo alikuwa amepata fedha za wafadhili kwa ajili ya utafiti. Kuna watu walitaka kusimamisha mitambo ya upepo baharini, ile minara yenye mapanga yanayozunguka kutoa umeme, na kabla haijasimama ilitakiwa ijulikane itawaathiri vipi samaki na wavuvi. Alihitaji mtu ambaye watu wa Feri hawatamkimbia. Nikamwita Dokta tangu siku hiyo, naye akaniita mdogo wangu.

Kwenye kishikwambi kulikuwa na ramani ya bahari iliyokatwa miraba. Mvuvi anaonyesha mraba aliovua, mimi nagusa, basi, imeisha. Lo! Yeyote aliyelelewa na mvuvi angecheka mpaka akae chini. Mvuvi wa mshipi hasemi mwamba wake, pale chini ya maji samaki wanapojaa, uko wapi. Hamwambii jirani, hamwambii mkwe, na wengine hata mke wanamficha. Anaurithi kwa baba yake kama wengine wanavyorithi shamba, ila shamba hili halina hati, linalindwa kwa kufunga mdomo tu. Ukimuuliza kavua wapi atakutajia upande mwingine kabisa, wala hilo si dhambi kwao, ni adabu ya kazi. Aliyeuliza ndiye hana adabu.

"Dada wa upepo," walinitania, "sisi tumevua baharini. Kwani wewe ulisikia changu anachumwa mtini?"

Nikishupaa wananionyesha mraba wowote wa kaskazini, wanacheka, wanakwenda zao mnadani. Baba naye alipanga foleni kama wenzake. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitika marahaba, kisha akagusa mraba wa kaskazini huku ananitazama usoni. Mimi nimekula chewa wa mwamba ule tangu naota meno. Najua uko kusini. Nikajaza palepale alipogusa yeye, nikaona namheshimu mzazi. Heshima gani ile, jamani!

Ramani ilipokamilika Dokta aliniita ofisini kwake nikaione. Miraba yenye wavuvi wengi ilikuwa imekolea rangi, na isiyo na mtu ilibaki nyeupe. Kusini palikuwa na doa jeupe, kubwa, safi.

"Unaona, mdogo wangu? Hapa hakuna anayevua. Minara ikija hapa haimuumizi mtu."

Alikuwa amefurahi kweli. Kumbe si baba peke yake. Kila mmoja alikuwa ameuficha mwamba wake, na miamba yote mizuri ipo huko huko kusini. Pale peupe ndipo palikuwa riziki ya watu, na minara ikishasimama hakuna mashua itakayoruhusiwa kusogea karibu.

Nilimwambia ukweli. Hakunifokea, na laiti angefoka ningepata nafuu.

"Kwa nini hukuniambia wiki ya kwanza?" aliuliza. "Hela ya kuanza upya haipo. Wafadhili walitupa ya msimu mmoja, imeisha, na ripoti inasubiriwa."

Nimwambie nini, kwamba niliona haya kusema baba yangu ni mwongo? Akafikiri, akasema kimebaki kitu kimoja. Kulikuwa na kikao cha wavuvi na maofisa kabla ripoti haijafungwa. Mvuvi akisimama pale mbele za watu, akalitaja eneo lake kwa alama zake, itaandikwa, na minara itazuiwa kwenye doa zima mpaka lichunguzwe upya. Bila hivyo, doa litabaki jeupe.

Nikaenda kwa baba siku ileile. Bado anakaa kwenye nyumba ya familia pale Kariakoo, moja ya zile chache za chini zilizobaki, maghorofa yameizunguka pande zote. Nilimkuta barazani anafunga ndoana. Nilipomweleza habari ya doa na ya kikao, kwanza alicheka.

"Tumewaweza!"

"Baba, mmejimaliza wenyewe," nilimwambia. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Sijawahi kumsemesha baba hivyo maishani mwangu. Aliacha kucheka, akaiweka ndoana chini.

"Wenzangu watasema?"

"Sijui, baba."

"Hawatasema," alisema, akaokota ndoana yake akaendelea kufunga.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Ofisa mmoja aliionyesha ramani ukutani, akaeleza kwamba eneo lile jeupe halina wavuvi, akauliza kama kuna mwenye neno. Wanaume wazima walionitania miezi minne, kila mmoja anatazama ndala zake, anamsubiri mwenzake afungue mdomo. Niliwachukia, wallahi. Nikajichukia na mimi, kwa maana nilikuwa nimekaa na kishikwambi changu mapajani, kimya vilevile.

Baba akasimama. Alikuwa amevaa kanzu na kofia kama mtu anayekwenda kumwoza binti yake.

"Mimi navua hapo," alisema. "Baba yangu alivua hapo. Mkitaka kuuona mwamba wangu, tokeni nje baharini mpaka lile ghorofa la vioo vya bluu lijifiche nusu nyuma ya mnara wa simu. Halafu tazameni kusini. Ncha ya kisiwa ikifunguka kidogo kutoka nchi kavu, mwanga ukapita katikati, tieni nanga. Chini yenu ndipo."

Dokta alikuwa anaandika haraka haraka. Nyuma yangu nilisikia mtu ananong'ona, ghorofa la bluu, mnara wa simu, ncha ya kisiwa, anarudia rudia ili asisahau. Sikugeuka kumtazama. Baba alikuwa anaonekana mdogo kwenye ile kanzu, na nilitamani kumshika mkono nimtoe nje. Baada yake hakusimama mwingine.

Ripoti ikaenda na maneno yake. Lile doa likawekewa alama ya kuzuiwa, na mpaka leo hakuna mnara uliosimama pale. Dokta alinipigia kunipongeza. Nilimshukuru, nikakata simu, nikalia. Ningemwambia ukweli ile wiki ya kwanza, baba angeusema mwamba wake chumbani, kwa mtu mmoja, mlango umefungwa. Hilo silisahau.

Baada ya siku chache baba alikwenda kuvua. Aliporudi nilikuwa nimempikia wali na mchuzi, akala kidogo tu. Kapu lake lilikuwa jepesi. Nikamuuliza kulikoni.

"Mashua tisa," alisema.

Alinieleza taratibu, bila hasira. Alipokaribia mwambani alizikuta zimetia nanga, na nahodha mmoja, mtu wa umri wangu, alimwona kwa mbali. Akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, akawaambia wenzake wasogeze mashua wampe mzee nafasi. Kisha akampungia mkono. "Karibu, mzee, karibu! Hapa pana samaki."

"Ukamjibuje, baba?"

"Nikamwambia ahsante," alisema baba, akanawa mikono.