Kikapu cha Donna Titina

Rosalba wa ghorofa ya pili ndiye aliyeanza kusema kwamba Donna Titina anafuga nguruwe bafuni. Alinieleza tukianika nguo, kibanio kikiwa mdomoni.

"Mwenzangu, mjane, peke yake, mwembamba kama ufagio. Viporo vyote vile anavipeleka wapi? Anavyoturudishia vimepikwa havifiki nusu. Ana nguruwe wa Krismasi yule. Jana nimesikia kukoroma."

"Labda ni yeye alikuwa amelala."

"Mchana?"

Habari ya viporo niliijua. Donna Titina anakaa juu kabisa, na kila asubuhi hushusha kikapu kwa kamba mbele ya madirisha yetu yote ya uani. Hapa Naples vikapu vya kamba si ajabu, sote tunavyo, tunashushia duka la chini tutiliwe maziwa. Lakini chake husimama kila dirisha kama mgeni anayepiga hodi. Huyu anatia mkate mkavu, yule kipande cha jibini, mwingine viazi vya jana. Mimi sikuwa na cha kutia. Kila siku nilipima tambi kwa kiganja, za mume wangu, zangu, na kidogo za Imma wangu anayeota meno, sufuria ikaisha safi. Nilijiona hodari.

Uvumi ukapanda ngazi, ukashuka, ukapanda na treni. Ulipofika Torino kwa Patrizia, binti wa Donna Titina, nguruwe alikuwa ameshafia njiani. Kilichobaki ni kwamba mama anaombaomba chakula kwa majirani. Patrizia akapiga simu: Jumapili anakuja kumchukua, afungashe nguo zake.

Donna Titina akaniita kwake. Nilipanda na Imma kiunoni, nikapitisha jicho bafuni kwanza. Ndoo na taulo tu.

"Nguruwe hujamkuta?" akaniuliza bila kugeuka. "Ametoka, ameenda kunyoa." Kisha akakaa. "Torino, Nunzia. Dirisha halifunguki vizuri, na hata likifunguka, chini hakuna mtu wa kumwita. Nitafia kwenye sofa safi. Jumapili niletee tambi zako za jana. Nataka Patrizia ale kimanda changu cha tambi kabla hajaanza kusema."

Jumapili haya ikanishika. Mgeni wa Torino nimpe kiporo? Nikachemsha tambi mpya, zile za bei, nikazipandisha zikifuka moshi.

Donna Titina alichovya kidole. "Umezipika lini?"

"Sasa hivi, Donna Titì. Mpya kabisa."

"Mama yako alipokuwa anafundisha, wewe ulikuwa umelala?"

Tambi mpya zinateleza. Za jana zimekunywa mchuzi zikatulia, ndizo zinazoshikana na yai. Hata hivyo akajaribu. Alipokipindua kwa sahani, kimanda kikafumuka, nusu ikamwagikia viatu vyake, na uzi mmoja ukaning'inia sikioni kwa Imma. Imma akauvuta, akaula. Donna Titina akacheka mpaka akashika meza. Akaendelea kucheka, machozi yakaendelea kutoka, sikujua tena ni ya nini.

"Patrizia ameshashuka stesheni," akasema.

Akajifuta, akafungua dirisha. "Jamani, nani ana tambi za jana? Binti yangu amekuja kunihamisha."

Madirisha ya uani yakaanza kugonga ukuta. Kikapu kikashuka, mikono ikatia: nyembamba za nyanya, za mirija zenye njegere, nyingine kama vipepeo. Rosalba akatia bakuli zima, na mayai juu.

"Ya nguruwe," akasema, akiangalia pembeni.

Kikapu kilipogusa chini, Patrizia alikuwa amesimama pale na begi kubwa, tupu. Akachungulia ndani ya kikapu. Akatutazama juu.

"Mama. Kwa hiyo ni kweli."

"Panda ule," Donna Titina akasema, akikivuta kikapu juu.

Alipofika mlangoni, kimanda kilikuwa kinapinduliwa. Safari hii kiligeuka kizima, rangi ya dhahabu, kinanukia soseji na pilipili manga. Donna Titina hakumpakulia. Alikata, akafunga vipande kwenye karatasi, akajaza kikapu.

"Shusha," akamwambia bintiye.

Patrizia akashika kamba, koti bado mwilini. Kila dirisha likatoa mkono.

"Mimi kile cha pembeni, kilichoungua kidogo."

"Patrizia, umekonda, Torino mnakula karatasi?"

"Donna Titì," Rosalba akaita mdomo ukiwa umejaa, "nguruwe wako mtamu."

Patrizia akavuta kikapu, akatazama ndani. Kitupu.

"Kila siku hivi?"

"Jana ilikuwa maandazi ya mkate mkavu. Juzi supu."

Akakaa, akala kwa mikono, akachukua kipande kingine. "Mbona kwangu hakitoki hivi?"

"Kwako hakuna kiporo. Unapika kidogo, kama chakula cha paka."

Akacheka, na akicheka ni mama yake mtupu. Jioni begi lilirudi Torino limebeba kimanda kingine kizima. Nguo za Donna Titina zilibaki kwenye kamba.

Nilipokuwa nateremka, akanishika bega ngazini.

"Nunzia, mwanangu, nina ombi."

"Sema, Donna Titì."

"Hicho kiganja chako kinapima vizuri mno. Kesho kisahau. Pika tambi nyingi, zibaki."